Kumfuata Francis Greenway, kutoka Bristol hadi Maitland

Anayetaka kumfuata mfungwa wa zamani aanze na makaratasi kabla ya kukata tiketi. Wengi hukimbilia kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey kwa kuwa zinapatikana mtandaoni, kisha Francis Greenway, mfungwa aliyepelekwa Australia, hawamwoni. Mahakama ile ilikuwa ya London; yeye alihukumiwa Bristol, Machi 1812. Zinazofaa ni rejista za usafirishaji wa wafungwa zilizoko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, zinazofuata majina ya meli. Meli yake ni General Hewitt. Itafute pia kama Hewett, maana makarani wa enzi hizo hawakuandika kwa namna moja.

Greenway alikuwa msanifu majengo, akafilisika 1809. Katika mkataba wa kumalizia nyumba huko Clifton alighushi maandishi ya kumwongezea malipo ya pauni 250. Alikiri kosa, akahukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa miaka 14 ng'ambo. Meli iliondoka Uingereza 1813 na wafungwa 300. 34 walikufa njiani kwa magonjwa. Ilifika Sydney Februari 1814.

Sydney nilianzia mbali na mjini. Feri ya Circular Quay hufika Watsons Bay, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kuelekea kusini hadi mnara wa taa wa Macquarie. Usidanganyike: mnara uliopo ni wa 1883, uliojengwa kwa kufuata sura ya ule wa Greenway wa 1818. Mawe ya mchanga aliyopewa yalikuwa laini, naye alionya. Hayakukaa miaka mingi yakaanza kumeguka, mnara ukafungwa mikanda ya chuma. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyomletea msamaha wa masharti kutoka kwa Lachlan Macquarie, gavana wa koloni la New South Wales, aliyekuwa amemwajiri 1816 kwa shilingi 3 kwa siku.

Rudi mjini kwa basi, ushuke karibu na stesheni ya St James. Jengo la matofali la Hyde Park Barracks, lililofunguliwa 1819, lilikuwa bweni la wafungwa 600, na baadaye lilisongwa na wengi zaidi ya hao. Kaa sana ghorofa ya juu, palipotundikwa machela kama walivyolalia. Chini ya sakafu panya walikusanya vitambaa, karatasi na vifaa vidogo vya wakazi, na vingi vya vilivyoonyeshwa humo vimetoka kwenye viota vyao. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la St James. Greenway alilianza kama mahakama, Kamishna Bigge, aliyetumwa na Uingereza kuchunguza mambo ya koloni, akataka liwe kanisa. Ukilitazama ukijua hilo, umbo lake linaeleweka.

Windsor, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Sydney, ni safari ya treni, na kwangu kanisa la huko la St Matthew's ni kazi yake bora kuliko zote. Sarafu iliyowekwa chini ya jiwe la msingi 1817 iliibwa usiku uleule. Ujenzi wa kwanza wa mkandarasi ulikuwa mbovu. Greenway aliukataa, ukabomolewa.

Alifukuzwa kazi 1822 baada ya kudai ada kubwa mno. Alikufa 1837, akazikwa East Maitland, kaburi lisilo na alama. Kutoka Newcastle, kaskazini mwa Sydney, treni hufika huko. Vaa viatu vya kufunga, makaburi ya zamani yana nyasi ndefu. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 10 ya Australia mwaka 1966, ikaondolewa 1993.