Pua ya Mheshimiwa

Kabla sijaruhusiwa kugusa karatasi za kutengenezea masanamu nilikabidhiwa sufuria na mwiko. Fundi mkuu aliniuliza kama najua kupika gundi. Nikachungulia vitu vilivyowekwa mezani: unga wa ngano na ndoo ya maji, basi. Nikamwambia mimi mtoto wa Tanga, uji nimeanza kuukoroga kabla sijaanza shule.

Kijana aliyepika kabla yangu alikuwa akimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, kisha anahangaika kuyaponda madonge. Mimi niliuvuruga unga kwa maji baridi kwanza mpaka ukalainika, ndipo nikaumimina kwenye maji ya moto huku mwiko hautulii. Uji ukatoka mwepesi, unang'aa, hauna donge hata moja. Fundi akachovya vidole viwili, akavisugua, akavitenganisha taratibu akitazama utando unavyovutika. Hakusema kitu. Alininyooshea tu mkono upande wa kule kwenye makalibu.

Ilikuwa Januari, miaka ya mwanzo ya 2010, mjini Viareggio, pwani ya Toscana nchini Italia. Mimi nilikuwa nasoma Pisa, nusu saa hivi kwa treni, na binti niliyepanga naye chumba alikuwa mzaliwa wa Viareggio. Baba yake mdogo alikuwa mmoja wa mafundi wa magari ya karnivali. Kila mwaka, kuelekea Kwaresima, magari hayo hupita barabara ya ufukweni yamebeba masanamu ya karatasi, na yale makubwa kabisa hufika mita 20 kwenda juu. Hujengwa kwenye mabanda 16 yanayozunguka kiwanja kimoja pembezoni mwa mji, mahali panapoitwa Cittadella del Carnevale, palipofunguliwa Desemba 2001. Januari ndiyo mwezi wa presha pale. Mikono haitoshi, watu wanakesha. Mimi nilikuwa likizo na sina nauli ya kwenda nyumbani, kwa hiyo nilimfuata huyo binti.

Wote walimwita yule fundi mkuu Maestro. Mimi kimoyomoyo nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alifurahi akasema nimwite hivyohivyo. Alikuwa mtu wa maneno mengi mikono ikiwa na kazi, kimya ikiwa haina. Kutoka kwake nilisikia kwamba gwaride la kwanza lilifanyika 1873, Jumanne ya kuamkia Kwaresima, na kwamba baadhi ya wenye mali wa mji walijitokeza wamevaa vinyago kulalamikia kodi. "Matajiri wanalilia kodi!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. Magari ya zamani yalikuwa ya mbao, magunia na plasta ya jasi, yakijengwa na mafundi waliozoea kuunda meli. Mazuri, lakini mazito, na kitu kizito hakiwezi kukua sana wala kutikisa kichwa. Mwaka 1925 msanii wa palepale, Antonio D'Arliano, akaleta njia ya kubandika karatasi ndani ya kalibu. Uzito ukaporomoka. Kuanzia hapo sanamu zikaanza kurefuka, kugeuza shingo, kukonyeza watu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye udongo. Mchongaji anafinyanga sura, inamwagiwa jasi, jasi ikikauka udongo unatolewa na kinachobaki ni kalibu, yaani sura iliyogeuzwa nje ndani. Kalibu inapakwa mafuta ili karatasi isigande. Halafu ndipo linakuja jeshi la watu kama mimi, wenye magazeti.

Gazeti halikatwi kwa mkasi, linachanwa kwa mkono. Ukingo uliokatwa unaacha mstari unaoonekana hata chini ya rangi, uliochanwa una nyuzinyuzi zinazoshikana na za kipande cha jirani. Unachovya, unakamua kwa vidole viwili, unalaza, unasukuma hewa itoke. Tabaka la kwanza ndilo la kuogopa kwa sababu ndilo litakalokuwa ngozi. Ukiacha kiputo kidogo cha hewa hapo, sanamu itazaliwa na kovu. Matabaka yanayofuata unaweza kwenda haraka kidogo, ukibadilisha mwelekeo wa vipande ili kitu kizima kishikane.

Mimi nilipewa shimo. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba ningeweza kukaa ndani nikajikunja, na nilijua ni pua kwa sababu tu niliambiwa. Pua ya nani? "Utaiona ikitoka," Mzee alijibu, na wengine wakacheka. Ukiwa ndani ya kalibu huoni sura. Penye mwinuko wewe unaona bonde, na tundu la pua linakujia kama kigoda cha jasi kimesimama katikati. Nilibandika karibu kutwa nzima nikiwa nimeinama, kiuno kinawaka, vidole vimekakamaa kwa gundi inayopoa. Ili akili isilale nilikuwa nasoma vichwa vya habari kabla ya kuvizamisha kwenye ndoo. Mwanasiasa mmoja alikuwa kila ukurasa: anapeana mikono, anakanusha, anazindua, anakanusha tena. Nilimbandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Jioni mama alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza nilikokuwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani watu wamechanga uende Ulaya ukasome, wewe umeenda kupikia sanamu uji?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimkumbusha tufe la dunia tulilotengeneza shuleni, kwa puto, magazeti ya Uhuru na uji wa muhogo, likakaa juu ya kabati la mwalimu wa Jiografia mpaka panya walipoigundua Afrika. Walianzia Pembe ya Afrika, wakaimaliza yote kabla ya Jumatatu. Mama alilikumbuka vizuri, maana unga ulitoka jikoni kwake.

Habari ya panya nilimsimulia Mzee pia kesho yake. Akasema kwao Viareggio haiwasumbui, sanamu inaishi wiki chache tu, ikimaliza karnivali inabomolewa na vyuma vinatumika tena. Wanaohangaika na wadudu ni watu wa Lecce, mji wa kusini mwa Italia. Baadaye, mwaka huohuo, nilishuka kusini nikaenda kujionea. Lecce karatasi inakuwa mtakatifu. Tangu karne ya 17 makanisa ya huko yalihitaji sanamu nyingi na marumaru ni ghali, tena nani atabeba marumaru begani kwenye maandamano ya kidini? Mafundi wakatengeneza kiunzi cha waya na majani makavu, wakakivalisha karatasi zilizoloa gundi, wakaikunja mikunjo ya kanzu na kuinyoosha kwa vyuma vya moto. Gundi yao ni ya unga uleule wa ngano, ila wanatia salfeti ya shaba ili wadudu wasile. Kuna jumba zima la makumbusho la kazi hizo ndani ya ngome ya Carlo V, na inasemekana wengi wa mafundi wa mwanzo walikuwa vinyozi waliojishughulisha wakati wateja hakuna. Ni kazi ya kuvua kofia. Nilimwona Bikira Maria mmoja ambaye mikono yake ungeapa ina joto. Lakini nikiulizwa ninachokipenda zaidi, nitasema magari ya Viareggio, ambako watu wazima wanakesha wakitengeneza kitu cha kuchekwa kisha kikatupwa.

Siku ya kutoa pua banda zima liliacha kazi. Karatasi ilikuwa imekauka vizuri. Ukiigonga kwa kucha inalia. Tulikuwa watu wanne, kila mmoja upande wake, tukaanza kuiachia kingo kwa visu butu vya kupakia plasta. Mzee alikataza mtu yeyote kuvuta. "Ipuliziwe hewa," alisema, akaingiza vidole kati ya jasi na karatasi, akawa anavipitisha pole pole kuzunguka. Kikasikika kitu kama kitambaa kinachochanika, tukashtuka, kumbe ndiyo inaachia. Tukainyanyua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo, nusura nianguke nyuma: pua kubwa hivyo na ningeweza kuibeba peke yangu.

Tukaigeuza, tukaisimamisha sakafuni. Sekunde moja kimya, kisha kelele. Sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa pua ya yuleyule wa kwenye magazeti, na uvimbe wake mdogo pale juu, isiyopakwa rangi bado, imejaa maandishi. Nikasogea kuangalia kazi yangu. Kwenye ukuta wa ndani wa tundu la kushoto alikuwa anatabasamu mwenyewe, tai imenyooka, akikanusha jambo fulani. Nilikuwa nimembandika puani mwake.

Sitamtaja. Watu wa Italia wa miaka ile watajua, na wengine haiwahusu.

Baada ya hapo pua ilihama mikononi mwangu. Ikapakwa rangi nyeupe, ikapigwa msasa, ikaungwa na mashavu yaliyotoka kalibu nyingine, wachoraji wakapanda na brashi zao. Siku ya gwaride mizinga mitatu ililia kuashiria kuanza, magari yakatoka moja moja upande wa bahari, na mheshimiwa akapita juu yetu akifungua mdomo na kuufunga. Ndani ya kifua chake kulikuwa na watu wakivuta nyenzo, mmoja wao ni yule mwenzangu wa chumba. Mimi nilikuwa napiga kelele "Pua! Pua!" kwa Kiswahili na hakuna aliyejali.

Usiku nilimtumia mama picha. Akapiga simu papo hapo.

"Na mwenyewe kaona?"

"Nasikia wengine hununa wasipotengenezwa."

"Na waliomtengeneza hawajakamatwa?"

"Hapana, mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akamtaja diwani wetu, akasema huyo, kwa pua peke yake, magazeti ya mkoa mzima yasingetosha.