Siku moja na mteja aliyetaka heroe Matema

Wakuu habari zenu. Mi kazi yangu ni kuwatembeza watu wanaokuja kupiga picha ndege huku Matema, wilaya ya Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Mtaani najulikana kama yule jamaa anayelipwa kushangaa ndege, na mjomba wangu kila tukikutana ananiulizaga nitapata kazi lini. Hii ni Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, nimeiandika usiku uleule hasira zikiwa bado za moto.

Saa kumi na nusu alfajiri. Chai ya rangi, mhogo wa jana, darubini, kipande cha mkeka, mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera ya mteja mvua ikija. Natoka.

Saa kumi na moja na nusu. Mteja ni kaka mmoja wa Dar, amekuja Mbeya harusini akaona ashuke na huku. Lensi ndefu kama mchi wa kutwangia. Salamu hajamaliza kuitikia ananiuliza, "Heroe wako upande gani?" Nikacheka, nikajua ni utani. Kumbe yuko siriasi kabisa. Aliona picha ya ndege wa pinki wamejaa ziwani, imeandikwa Tanzania, basi akachukua ziwa lililokuwa karibu na harusi. Nikamwambia kaka, heroe ni wa kwenye magadi, nenda Natron, haya maji ya kwetu tunakunywa. Akasema, "Tutaona."

Saa moja kasoro tuko mdomoni mwa Mto Lufilyo. Tulikaa mbali na maji maana mamba wapo na mi sina bima. Hapo likaanza la pili: jua. Mashariki yetu imezibwa na milima ya Livingstone, kwa hiyo kwingine watu wanaanika nguo sie huku bado tuko kwenye kivuli cha mlima. Jamaa anaangalia saa, anaangalia mlima, ananiangalia mimi kana kwamba mlima nimeupanga mimi.

Sasa mwanga ulipofika ndo raha yenyewe. Kitwitwi mmoja kasimama kwenye gogo, kile kiuno hakitulii, juu chini juu chini kama mtu anasikiliza muziki peke yake, wazungu wanamwita komoni sandipaipa. Nyuma yake kwenye tope, vindege kumi na moja vidogo kabisa, litoli stinti. Kimoja hakifiki hata gramu 30, weka vijiko viwili vya mezani vya sukari mkononi ndo uzito wake huo, na kimezaliwa juu kabisa kaskazini, Siberia huko, kimekuja kwa mabawa yake. Kinadonoa tope haraka haraka kama cherehani. Kila nikikiona najisikia vibaya kulalamikia barabara ya Ipinda.

Nikamfundisha jamaa. Lala kifudifudi, kamera chini usawa wa jicho la ndege, usimwendee moja kwa moja, jivute kidogo, tulia, jivute tena, akiacha kula na kunyoosha shingo ujue umeshamuudhi, simama hapohapo. Dakika ishirini tumelala, mchanga umeingia hadi masikioni, siafu mmoja ananifanyia mambo yake kwenye goti sithubutu kujikuna, vile vindege vinatusogelea vyenyewe, vimebaki hatua sita hivi, nasema moyoni leo jamaa anapata picha ya maisha. Akanyanyuka. Akapiga makofi pwaa! Eti anataka vikiwa vimeruka.

Vyote vikaondoka. Kitwitwi naye akapita juu ya maji analia, mabawa yanatetemeka, huyoo. Jamaa anaangalia kioo cha kamera, "Mbona zimetoka ukungu?" Nikanyamaza maana ningefungua mdomo ningerudisha hela. Ndege katoka Siberia anatafuta mafuta mwilini, we unamkimbiza mazoezi ya bure!

Baada ya hapo hata saa sikuangalia tena. Njiani mzee mmoja wa kijiji akatusimamisha, lile lilensi limemtisha, ng'ambo kule ni Malawi na watu na makamera huwa wanaulizwa. Nikamwamkia shikamoo, nikampa darubini amtazame mnandi aliyekuwa anakausha mabawa kwenye mtumbwi. Akakaa nayo robo saa nzima. Aliporudisha akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, halafu akamwita na mjukuu wake aje aone. Hapo uchovu ulipungua kidogo.

Lyulilo ilikuwa siku ya mnada, mitumbwi imejaa vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, na jamaa anamwambia mama mmoja mwenye chungu kichwani asogee anamharibia picha ya buabua. Mama akamjibu, "Mwanangu, huyo ndege hakununulii chungu." Jamaa alinunua. Viwili.

Mchana wali na mbasa, mvua, nikalala kwenye benchi. Jioni tukazunguka tena, simkumbuki ndege hata mmoja wa jioni zaidi ya kwazi aliyepiga kelele wakati nasaini hela yangu. Jamaa ameaga vizuri tu, kasema atarudi mwezi wa nne kuangalia kama heroe wamefika.

Kabla ya kulala huwa naandika daftari langu la shule, nina la tatu sasa. Leo limesomeka: kitwitwi 4, litoli stinti 11, buabua kama 60, mnandi wengi, kwazi 2. Heroe 0.