Siku moja maishani mwangu: unga unakesha, mimi nalala

Saa 10:30 alfajiri

Baridi ya Julai hapa Mbeya humwamsha mtu kabla ya alamu. Navaa sweta mbili, nafunga kitenge juu yake, navuka ua. Kiwanda changu ni vyumba viwili nyuma ya nyumba, Ilomba, ukishuka kidogo kutoka kwa Mama John. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 12. Huko nje ni 6, pengine 5.

Kazi ya kwanza ni kufunua mabeseni. Harufu inayotoka ni kama ya togwa iliyoanza kuchachuka, na unga niliouacha jana jioni nusu ya beseni umepanda hadi kugusa mfuniko. Naubonyeza kwa kidole. Shimo linarudi taratibu, halirudi lote. Uko tayari. Umefanya kazi saa kumi na moja na nusu, na muda wote huo mimi sikuwepo.

Nilianza biashara ya mikate mwaka 2019, na kwa miaka mitatu na zaidi sikujua kwamba jambo hili linawezekana. Nilikuwa naingia humu saa 3 usiku na kutoka saa 4 asubuhi. Saa 13 kila siku, na Jumapili zikiwemo: saa 91 kwa wiki. Maduka yalitaka mkate saa 12 asubuhi, na mkate wa saa 12 lazima ukandwe usiku wa manane. Nilisikia hivyo kwa kila mwokaji niliyemuuliza, na kwenye semina moja ya ujasiriamali mkufunzi alitusimamisha wote tuliolala chini ya saa tano tukapigiwa makofi. Nilipiga na mimi. Leo nikikumbuka naumia, maana ukumbini mlikuwa na wasichana wa miaka ishirini na kidogo, wakiandika kwenye madaftari.

Nakata madonge ya mikate sitini ya kwanza, nayafinyanga, nayaweka kwenye makopo. Peke yangu, redio ikiwa chini. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, na naipenda kwa sababu nimelala.

Saa 12:00 asubuhi

Vijana wawili wanaingia. "Shikamoo mama." "Marahaba, mmeamkaje?" Mmoja anashika mizani, mwingine anawasha oveni ya gesi. Mfuko mmoja wa ngano wa kilo 50 hunipa mikate 180 ya gramu 400 na kidogo, na oveni inabeba 60 kwa mkupuo.

Kuna jambo moja nafanya kila mkupuo unapoingia ndani: namega kipande cha donge mbichi, naonja. Vijana wameshazoea. Natafuta chumvi.

Mwaka wa tatu wa kukesha, usiku mmoja wa Jumatano, niliisahau. Unga ule ulipanda haraka ajabu, nikafurahi, nikasema leo hamira ni nzuri. Sikukumbuka kwamba chumvi ndiyo inayoizuia hamira isikimbie. Donge lisilo na chumvi lazima liwahi. Nilioka mikate yote 180. Ikatoka imepauka, na hata rangi ile haikunishtua. Saa 2 asubuhi simu zikaanza. Mwenye duka mmoja wa Mwanjelwa, mtu mpole sana, aliniambia, "Mama Mikate, leo umetuletea sufi." Niliikusanya yote, nikaipeleka kwa mfuga nguruwe. Nikalia ndani ya bajaji.

Sikuwa mzembe. Chumvi ilikuwa imepimwa na bakuli lake lilikuwa mezani. Kichwa ndicho hakikuwepo. Na kovu hili la mkononi, la mlango wa oveni, ni la mwezi huohuo.

Saa 1:20 asubuhi

Mikate ya kwanza inatoka. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, anakuja kuchukua wake kabla haujapoa, ingawa namwambia kila siku kwamba mkate wa moto haukatiki vizuri.

"Ugonile?"

"Ndaga, mama."

Mimi ni mtu wa Njombe, lakini huwezi kuishi Mbeya miaka kumi na tano usijue kuitikia. Neno lenyewe limetokana na kulala: umelala? Yule mama alikuwa akinisalimia hivyohivyo miaka ile ya kukesha, nami nikiitikia hivyohivyo, macho mekundu. Siku moja akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili ili nisikwepe: "Mwanangu, nakuuliza kweli." Nilijifanya sijasikia.

Saa 3:30 asubuhi

Mkupuo wa tatu umetoka. Nakunywa chai, nakula kiazi kitamu, nafungua daftari.

Daftari hili ndilo lililonibadilisha, kabla hata sijajua habari za baridi. Niliandika kwa mwezi mzima mikate inayoharibika: iliyoungua, iliyozama katikati, iliyorudishwa. Ilikuwa 15 hadi 20 kwa siku. Nikaandika pia saa ya kosa lenyewe. Karibu yote yalikuwa kati ya saa 8 na saa 11 alfajiri, muda ambao mwili unadai kitanda hata kama umekunywa kahawa ya Mbozi kikombe cha tatu. Siku hizi inaharibika minne au mitano.

Kuhusu baridi, niligundua kwa bahati. Mchana mmoja nilikanda, umeme ukakatika, nikajua oveni haitawaka maana feni yake inataka umeme. Nikafunika unga, nikalala kwa hasira. Asubuhi nikaukuta umeumuka vizuri, na mkate wake ulikuwa mtamu kuliko wangu wa siku zote. Baada ya hapo nikaanza kupima. Hamira hukimbia kwenye joto la nyuzi 25 hadi 35, na hewa ikipoa inatembea. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wetu ni jokofu ambalo halili LUKU. Nilikuwa natumia gramu 500 za hamira kwa mfuko. Sasa natumia 180 mwezi kama huu, na 130 Oktoba na Novemba joto linapopanda, tena kwa maji baridi na mabeseni yakiwa sakafuni kwenye saruji. Donge linapata usiku kucha wa kuchachuka, na ladha hiyo huwezi kuipata kwa kuharakisha.

Lakini nisidanganye, haikuwa rahisi. Kwa mpangilio huu mkate wangu unafika madukani saa 4 na saa 6 mchana. Kati ya maduka 19 yalibaki 12 mwezi wa kwanza. Hoteli iliyokuwa mteja wangu mkubwa ilikwenda kwa mwingine. Miezi mitatu mapato yalipungua karibu theluthi, na baba watoto alikuwa ananitazama tu wakati wa kula. Kilichoniokoa ni kuangalia watu wananunua saa ngapi. Wengi hapa hununua mkate jioni wakirudi kazini, kwa ajili ya chai ya kesho. Nikawaeleza wenye maduka: wa kwangu umeokwa leoleo, ule mwingine umekaa tangu alfajiri. Sasa ninayo maduka 17.

Saa 4:15 asubuhi

Nilikuwa na mgeni. Dada mmoja anayeshona sare za shule Kabwe, ana cherehani tatu na mabinti wawili. Julai shule zimefunguliwa, oda zimemlemea, anakesha wiki ya tatu. Alikuja kuniuliza nilifanyaje, lakini nusu ya mazungumzo alikuwa ananipinga, na ana haki.

"Dada, wewe una unga unaoumuka wenyewe. Sketi haijishoni."

Kweli haijishoni.

"Nisipokesha nani atanilipia kodi ya fremu?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza, nikamuuliza swali: sare unazozifumua, ngapi zimeshonwa baada ya saa 6 usiku? Akanyamaza. Akasema juzi aliunganisha mikono ya mashati manane upande usio wake, na kazi hiyo ilimla asubuhi nzima. Nikamwambia aandike wiki moja tu, kwa saa, halafu tuongee.

Nikamwambia na la sheria, kwa sababu mabinti wake wanakesha naye na hajui anadaiwa nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kila saa ya usiku inaongezewa walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ikiwa ni ya ziada, inalipwa mara moja na nusu. Mimi mwenyewe sikulijua hilo miaka miwili ya mwanzo, na waliokesha nami wakati ule nimewatafuta nikawalipa nilichoweza. Mmoja sijampata.

Ila sheria hiyo inamlinda mwajiriwa. Mwenye biashara anajilinda mwenyewe, na hapo ndipo tunapoumia. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa asilimia 35 ya yule wa saa 35 hadi 40. Mimi nilikuwa na 91! Leo ni kama 48. Tena kwa waokaji jambo hili ni la zamani kabisa: mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kukataza uokaji mikate usiku, na ukasema wazi kwamba katazo linawahusu wenye biashara pia, si wafanyakazi peke yao. Niliposoma hivyo nilikaa chini. Karibu miaka mia kabla yangu, kuna watu walikaa kikao wakamfikiria mtu kama mimi, mwenye kiwanda chake, asiye na bosi wa kumlaza.

Dada aliondoka na mkate na daftari tupu. Hakuniahidi kitu.

Saa 8:50 mchana

Nimelala. Simu inaita.

Ni mjumbe wa mtaa. Kuna msiba, nyumba tatu kutoka kwetu; mzee amefariki asubuhi, wageni wanatoka Kyela na Chunya, wanahitaji mikate 100 ya chai ya asubuhi. "Tunajua huwa hukeshi, lakini tusaidie."

Msiba haukataliwi. Zamani ningekubali na kuingia kazini saa 6 usiku bila kufikiri. Sasa nakaa kitandani nahesabu. Chai ni kesho asubuhi, hakuna aliyesema mkate uokwe asubuhi. Nikikanda sasa kwa maji ya uvuguvugu na hamira kamili, unga utaumuka kwa saa moja na robo karibu na oveni, nitaingiza saa 12:30 jioni, saa 2 usiku nimemaliza kuoka. Namwambia mjumbe nitauza kwa bei ya unga na gesi tu.

Saa 9:30 alasiri hadi saa 4 usiku

Kijana wa zamu ya pili, anayeingia saa 4 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, amekubali kubaki. Namwandikia saa moja na nusu ya ziada hapohapo mbele yake, na saa 1:30 namfukuza aende kwao Nzovwe kabla bajaji hazijapungua.

Huku mikate ya msiba inaumuka, nakanda unga wa kesho. Mkupuo wa pili unatoka saa 2 kamili. Mkate lazima upoe saa moja na nusu kabla ya kukatwa, vinginevyo unajikunja na mfuko unatoa jasho. Binti yangu mkubwa anafungasha, baba watoto anapakia.

Pale msibani wanawake wameketi kwenye mikeka, moto umewashwa uani. Nakabidhi, natoa pole, nakaa dakika kumi na mjane. Ameshikilia mkono wangu bila kusema neno.

Nimerudi saa 4 usiku. Usingizi wa leo utakuwa mfupi, nimewaambia vijana waingie saa 1 badala ya saa 12, na alamu nimeisogeza hadi saa 11:30. Kabla ya kufunika mabeseni nilikuwa nimeshapunguza hamira gramu 30, ili unga nao usiwahi kuamka.