Ile alama ya kuuliza

Nasubiri daladala hapa Jamatini, vumbi la Dodoma limejaa usoni, lakini akili bado iko kwenye faili moja.

Kwa wasiojua, mimi niko kitengo cha kumbukumbu. Daktari anaandika ugonjwa, mimi naupa namba ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, ndipo madai yaende bima.

Leo nakuta kwenye faili la mtoto: virusi kwenye ubongo, pembeni "?HSV", yaani huenda ni kirusi cha hepesi. Alama ya kuuliza imekandamizwa mpaka peni ikatoboa karatasi.

Ikiwa ni hepesi kweli, namba ni B00.4. Kirusi kisipojulikana, A86. Asaikloviri, dawa ya hepesi, ya mshipa ilishaanza, kila baada ya saa nane, kwa hiyo moyo unasema hepesi. Ila dawa si jibu la maabara. Wanaiwahi kwa sababu ubongo hausubiri. Na mimi siruhusiwi kubahatisha.

Nikapanda wodini. "Dokta samahani, hii alama niifanyeje?"

Macho mekundu, katoka zamu ya usiku. "Hata mimi nasubiri majibu ya maji ya mgongo, dada."

Basi A86 kwanza.

Nageuka kuondoka, mama wa mtoto kanishika mkono, kitenge kimemlowa begani.
"Mwanangu, hayo ndiyo majibu?"

"Hapana mama. Ni ya bima tu."

Hilo "tu" nimelijutia njia nzima.

Wenzangu wa kumbukumbu na manesi, nyie mngemjibuje?