Vipepeo wangu na mdimu wa mama

Nilipohamia Mbezi, ukuta wa mbele niliujaza bogenvilia. Ilichanua ikapendeza kila mtu, ila vipepeo walipita juu yake na kwenda zao. Siku moja nikaikagua kwa karibu: kumbe ile zambarau yote ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kijibomba cheupe katikati, chembamba kama kijiti.

Jirani akanipa vipande vya lantana, kichaka cha maua, nivipande. Nikamshukuru, sikuvipanda. Kijijini kwetu Muheza nimeona inavyomeza shamba. Ndege wanakula tunda, mbegu zinaota kila mahali, na ng'ombe akiila inamdhuru.

Nikanunua kwa muuza maua wa barabarani miche sita ya pentas, nyekundu na ya waridi. Huu ni mmea wa huku kwetu Afrika Mashariki, porini unaota wenyewe. Niliupanda pale jua linapopiga tangu asubuhi. Maua yake ni vinyota vilivyobanana pamoja, basi kipepeo akishatua anafyonza kimoja baada ya kingine bila kuruka. Vichwa vikinyauka navikata, linatoka shada jipya.

Wakaja. Wakanywa, wakaondoka. Hapo ndipo mdimu wa mama uliponifundisha kazi.

Majani yake yalianza kuliwa, na juu yake kulikuwa na vitu kama mavi ya ndege. Mdogo wangu alishashika bomba la dawa. Nikamwambia ngoja, nikakigusa kimoja kwa kijiti: kikatoa pembe mbili za rangi ya chungwa, zikanuka kuliko ndimu iliyooza. Viwavi! Dawa ikarudi stoo, na haijatoka tena.

Walinenepa wakawa kijani, wakajifunga kwenye vijiti kwa uzi mmoja kiunoni. Wiki kama mbili baadaye, asubuhi nikiwa na chai mkononi, nikakuta mmoja ananing'inia, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Yakanyooka polepole: meusi, madoa ya njano, na doa jekundu kama jicho kwenye mabawa ya nyuma. Akaruka hadi kwenye pentas, hatua tano tu.

Mdimu umebaki nusu kipara. Juzi mama karudi sokoni na ndimu za kachumbari, akazimwaga mezani.

"Kwa hiyo mwanangu, wadudu tunafuga, ndimu tunanunua?"