Nilivyomudu ghala la mitumbwi msimu mzima wa joto, Ely

Ely ni mji mdogo kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Nyuma yake iko Boundary Waters, hifadhi ya pori yenye maziwa zaidi ya 1,000 inayopakana na Kanada. Katika sehemu kubwa ya hifadhi hiyo injini haziruhusiwi. Unapiga kasia hadi mwisho wa ziwa, unabeba mtumbwi na mizigo mabegani hadi ziwa linalofuata, unaendelea. Familia niliyoifanyia kazi hukodisha mitumbwi na kumwandalia mgeni kila kitu. Baba anashika mitumbwi na gari, mama anashika simu na vibali, watoto wao wakubwa wanawapeleka wageni majini. Mimi nilipewa ghala: chakula, mahema, mashanta, na baadaye kuweka viraka. Naeleza nilivyolipanga, kwani aliyesahau kiberiti huko ndani hana duka la kukimbilia.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza. Hakuna shanta lililotoka mlangoni bila kupimwa. La chakula halikuzidi kilo 20, maana atakayelibeba anakanyaga mawe yenye utelezi na mizizi iliyolowa. Urefu wa njia za kubebea huandikwa kwa rodi, kipimo cha zamani cha kama mita 5. Mgeni akiona 80 kwenye ramani anadhani ni hatua 80, kumbe ni mita 400. Asipoweza kubeba vyote kwa mkupuo mmoja, atakwenda na mzigo, atarudi mikono mitupu, atakwenda tena: mita 1,200 kwa njia moja. Hesabu hiyo niliifanya mezani pamoja na wageni, na viti vya kukunja vingi vilibaki garini.

Kwa chakula kikavu nilikadiria gramu 700 kwa mtu kwa siku. Watu 4 kwa siku 5 ni kilo 14, na zinaenea kwenye shanta moja. Kosa la kawaida liko kwenye kuhesabu milo. Siku 5 zina usiku 4, kwa hiyo unahitaji vifungua kinywa 4, vyakula vya mchana 5 na vya jioni 4. Anayezidisha kila kitu kwa 5 anambebesha mtu chakula kitakachorudi kama kilivyokwenda. Oti gramu 80 kwa mtu, tambi 120, mchele 100. Kila mlo nilifunga kwenye mfuko wake pamoja na chumvi, viungo na karatasi ya maelekezo, kisha nikaandika kwa kalamu isiyofutika: "Siku ya 3, jioni". Mlo wa mwisho unakaa chini kabisa, wa kwanza juu. Ukipanga kinyume, mtu atapakua shanta zima kwenye mvua akitafuta kahawa.

Nyama ya jioni ya kwanza huondoka imeganda kama jiwe, imezungushiwa magazeti matabaka manne au matano, na kufika saa 12 jioni imelegea vya kutosha kuwekwa kwenye wavu wa moto. Jioni ya pili sikuweka nyama mbichi hata mgeni asisitize vipi. Mkate wa kawaida hupondeka, kwa hiyo nilitumia chapati za dukani zinazoitwa tortila. Makopo ya chakula na chupa za kioo ni marufuku hifadhini, hivyo siagi ya karanga, asali na mafuta vyote nilivihamishia kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha, kila chupa ndani ya mfuko wake. Mafuta mililita 250 yanatosha kundi lisilovua samaki. Wavuvi wapewe nusu lita, la sivyo siku ya tatu watarudi kukaanga kwa maji. Unga wa mahindi wa kugaragazia samaki wanao, ila wa huko una chengachenga kuliko sembe yetu. Wakenya wa Minneapolis walipokuja niliwawekea sembe ya kwao, gramu 125 kwa mtu, na ugali unaiva vizuri kwenye jiko la gesi mradi sufuria liwe pana na mshikaji mmoja alishike kwa koleo, maana jiko lenyewe ni dogo kama kiganja na mwiko ukikazwa linapinduka.

Gesi: mtungi wa gramu 450 mmoja na wa 230 mmoja wa akiba kwa watu 4 siku 5. Viberiti vikae sehemu tatu tofauti, si mfuko mmoja.

Hema kila likirudi lilisimamishwa, halikukaguliwa likiwa limekunjwa. Vigingi nilivihesabu, vijiti nilivipitisha mkononi kutafuta ufa, halafu likaanikwa. Hema likikaa limelowa siku mbili linaota ukungu, na harufu ile haitoki. Turubai la sakafuni huko huwekwa ndani ya hema, si chini yake. Likiwekwa chini na kuchungulia nje hata kidogo, mvua inateremka kwenye ukingo na kukusanyika kati ya turubai na sakafu, na wenye hema wanalala dimbwini. Wageni wengi walibisha, nami nilimwaga maji kwa ndoo juu ya hema lililosimama uani ili waone.

Mitumbwi ndiyo iliyohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ile ya kevla, yaani kitambaa cha nyuzi nyepesi na imara sana kilichogandishwa kwa gundi, yenye urefu wa zaidi ya mita 5 na nusu, ina uzito wa kilo 19 hivi. Ya alumini inazidi kilo 30. Kila mgeni anataka ya kevla, lakini kevla nyepesi haitaki kukalia jiwe. Tumbo lake limeimarishwa kwa tabaka la povu gumu, na mtumbwi uliopakiwa ukiwa nusu nchi kavu, mtu akaingia, povu hilo hupasuka ndani kwa ndani bila kuonekana nje. Nilijifunza kuutafuta ufa huo kwa sarafu. Unagonga tumbo lote taratibu, sentimita chache kila mara. Palipo pazima panalia kwa sauti kavu na kali, palipoachana panatoa sauti nzito iliyofifia, kama unagonga kadibodi. Napazungushia chaki hapo hapo.

Kiraka chenyewe ni hivi. Osha kwa maji safi, kausha kabisa, kisha piga msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uondoke, sentimita 5 kupita ukingo wa jeraha. Usiingie na msasa kwenye kevla yenyewe. Nyuzi zake hazikatiki, zinasimama kama manyoya, na kiraka hakitalala sawa. Kwa hiyo upande wa nje nilitumia kitambaa cha nyuzi za kioo, na cha kevla nikakiweka ndani. Pembe za kitambaa zikatwe mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo ya kwanza kubanduka. Epoksi, gundi inayochanganywa na kigandishi chake, ipimwe kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, hasa. Kuongeza kigandishi hakuharakishi, kunaiacha inanata milele. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, maana kwenye kikombe kirefu inajipasha moto yenyewe na kuganda kabla hujapaka. Baada ya kulaza kitambaa, funika kwa karatasi ya plastiki na usukume hewa nje kwa kadi ngumu. Acha saa 24. Glavu na barakoa hazina mjadala, vumbi lile ni la kuogopwa.

Viraka vingi vingeepukika ufukweni, kwa hiyo nikaomba nipewe dakika kumi na kila kundi kabla gari halijaondoka. Mtumbwi unaelea kwanza, ndipo unapakiwa. Mmoja anasimama majini hadi magotini na kuubana kwa mapaja karibu na tezi, yaani nyuma, mwenzake anaweka mashanta chini kabisa, katikati, mazito karibu na nira, ule mti wa katikati wa kubebea mtumbwi mabegani. Wa omo, yaani mbele, anaingia kwanza, kisha wa tezi. Kufika ni hivyo hivyo kwa kinyume: miguu inalowa kwanza, mtumbwi hauburutwi. Anayeogopa kulowesha viatu apewe wa alumini, na nilisema hivyo waziwazi bila kumvunjia mtu heshima.

Vibali vilikuwa kazi ya mama, lakini nilijua yanayogusa ghala. Nafasi za kuingia kulala zina ukomo kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, na kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Mtu wa kumi akijitokeza asubuhi, hakuna la kufanya ila kugawanyika. Ili dubu wasifikie chakula niliweka kamba ya mita 30 na mfuko wenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, au pipa gumu lenye kufuli. Mfuko wa chakula uning'inie kama mita 4 juu na mita 2 kutoka kwenye shina. Wengi wanaupandisha juu vya kutosha, ila wanausogeza karibu mno na mti.

Julai mwanga upo tangu kama saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, na epoksi inaganda bila matata. Kufikia katikati ya Septemba joto la ghala likashuka chini ya nyuzi 15 kila usiku, na kiraka kilichopakwa jioni kilikutwa asubuhi bado kinanata. Mzee alinionyesha pa kuuweka mtumbwi: chumba cha kufulia, karibu na mashine ya kukaushia nguo, omo ikitokeza mlangoni. Kiraka hicho kilikauka.