Siku Yangu Moja Wodini, Lamu

Saa 12:30 asubuhi ninatoka nyumbani Langoni, nikiwapisha punda waliobeba mchanga, na ifikapo saa 1:15 nimeshafika wodini. Tunakabidhiana zamu kando ya vitanda, mgonjwa mwenyewe akisikia yanayosemwa juu yake, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetusahihisha. Leo wagonjwa ni 24 nasi wauguzi ni watatu, nimepewa 8.

Katika hospitali niliyofanya kazi awali tuligawana kazi, si wagonjwa: mmoja alipima presha na joto wodi nzima, mwingine aligawa dawa, wa tatu alifunga vidonda. Kazi ilikwenda haraka, nami sikatai kwamba siku yenye upungufu mkubwa wa watu mtindo huo huokoa muda. Lakini asubuhi moja mzee alipewa vidonge vyake vya presha ilhali presha ilikuwa imeshuka. Kipimo kilikuwa kimeandikwa vizuri kwenye chati, ila mgawa dawa hakukiona, na mzee akaanguka akielekea msalani. Kila mmoja wetu alikuwa ametimiza kazi yake.

Saa 2:00 nampima presha bibi wa kitanda cha nne: 88 kwa 54, iko chini.

“Shikamoo, bibi. Umeamkaje?”

“Marahaba, mwanangu. Kichwa chazunguka.”

Kwa kuwa mpimaji ni mimi na dawa zake ninazo mimi, kidonge nakizuia papo hapo na kumwita daktari. Mtindo huu, wa muuguzi mmoja kuwajibika kwa mgonjwa tangu alazwe hadi aruhusiwe, uliasisiwa mwaka 1969 na Marie Manthey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Sisi hatuwezi kuufuata wote, kwa kuwa zamu zinapokezana na wauguzi ni wachache, hivyo tumeuchanganya na ule wa timu: kila mgonjwa ana muuguzi wake wa zamu, na kila muuguzi ana mwenzake anayewajua wagonjwa wake.

Saa 4:00 naosha mikono kwa mara nisiyoihesabu tena, namwelekeza mwanafunzi, nabadilisha dripu.

Saa 6:40 kijana wa kitanda cha saba anahitaji rufaa, yaani boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha barabara. Napiga simu hospitali inayompokea kwa mpangilio wa hatua nne: hali yake sasa, historia yake, tathmini yangu, ninachoomba. Mpangilio huo ulitokana na jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi, jambo ambalo hutufurahisha sisi watu wa kisiwani. Mwenzangu anamsindikiza, nami narithi wagonjwa wake 8. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: utafiti wa Linda Aiken na wenzake huko Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la 7% la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Kupanga upya wagonjwa hakuzai wauguzi, kwa hiyo namwomba msimamizi wa zamu aingie wodini, naye anaingia.

Saa 9:30 tunakabidhiana tena. Bibi, ambaye presha yake imepanda hadi 112, ananishika mkono.

“Kesho ni wewe?”

Kesho sipo, basi namwita dada wa zamu ya kesho asubuhi, aliyekuja kuchukua ratiba yake, nao wanasalimiana.